Meza Moja na Mtu Mbaya

Maswali mengi ya wiki hii yanauliza jambo moja: kuzungumza na waovu kunaweza kuwafaa wengi? Nimechagua manne.

Kukaa meza moja na wauaji si kuwabariki? (Msomaji, Makambako)

Si lazima, ndugu yangu. Tazama majirani zetu wa Msumbiji. Renamo, waasi waliopigana na serikali, walichoma vijiji na kuteka watoto wakawafanya askari. Vita ile iliyoanza 1977 inakadiriwa kuua watu wapatao milioni moja. Hata hivyo, tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano alitia saini mkataba wa amani na Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, na wakimbizi wakaanza kurudi makwao. Ni kweli, bunduki zililia tena mwaka 2013. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa ameshakuwa mtu mzima, na kwangu miaka hiyo ina uzito kuliko aibu ya kumpa mkono Dhlakama.

Sierra Leone ilikuwa tofauti. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 ulimpa Foday Sankoh, ambaye wapiganaji wake walikata watu mikono, hadhi ya makamu wa rais na uenyekiti wa tume ya madini. Almasi ndizo zilizokuwa zikimnunulia silaha! Mei 2000 watu wake wakateka mamia ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Dhlakama alipewa nafasi ya kuomba kura, Sankoh akapewa ufunguo wa ghala. Kwa hiyo mimi huuliza: huyu anainuka mezani na nini mkononi?

Mbona Mwalimu alikataa suluhu na Amin? (Kijana, Mafinga)

Hakuwa mtu wa kukimbia mazungumzo. Oktoba 1972 Tanzania ilitia saini na Uganda makubaliano ya Mogadishu. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera, kisha Amin akajitangazia ardhi yetu kuwa yake. Wapatanishi wa Afrika walipokuja, Nyerere alitaka kwanza mvamizi alaaniwe. Namuunga mkono kabisa. Kumpatanisha mwizi na mwenye nyumba kabla mwizi hajaitwa mwizi ni kumuumiza mwenye nyumba mara ya pili.

Dalali anataka lumbesa. Tukimkatalia, viazi vinaoza. Tuongee naye? (Mama mkulima, Uporoto)

Ongeeni, mama, ila asiwapate mmoja mmoja shambani. Nimekulia kwenye viazi, naujua uchungu wa gunia lililoongezwa kichwa na bei ikabaki ileile. Kilo 100 ndicho kikomo cha sheria, hilo msilijadili. Jadilini bei, siku ya kupakia, na nani anawalipa wabebaji. Mzani uwe umefika kabla ya lori. Na mwenzenu mwenye mtoto wa kulipiwa ada kesho asaidieni mapema, maana huyo ndiye dalali atakayemwendea usiku.

Pikipiki yangu imeibwa. Mtu amepiga simu, anataka laki tatu airudishe. (Bodaboda, Mwanjelwa)

Usitume hata shilingi, mdogo wangu. Hujui kama pikipiki anayo kweli, na ukilipa, wiki ijayo ni zamu ya mwenzako. Nenda polisi leo na kadi ya pikipiki pamoja na namba aliyopigia, kisha isome namba hiyo kijiweni, kila mmoja aiandike.