Kaye ya mama ubaoni

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mwalimu wa hesabu, jiografia au sayansi asibaki na kitabu cha shule tu, bali aingize darasani maandishi ya kila aina: gazeti, barua, risiti, tangazo, karatasi ya dawa. Nilitaka kujibu kwa neno moja, hapana, niendelee na kazi. Nina duka dogo hapa Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, Kongo, na jioni ndiyo saa ya wateja. Lakini siku hiyohiyo mtoto wangu wa mwaka wa nne alirudi na kazi ya nyumbani: alete maandishi yoyote tunayotumia kwetu. Nikamuuliza, kitabu kiko wapi? Akasema kitabu ni kimoja, anacho mwalimu.

Hapo damu ikanichemka. Kwetu Goma, haya "maandishi ya aina mbalimbali" mara nyingi ni jina zuri la kukosa vitabu. Mtoto wa mwenye nazo atapewa kitabu, kisha gazeti juu yake. Wa kwangu atapewa gazeti badala ya kitabu, tena lile lililofungiwa mandazi. Nilikuwa nimeshaandika mistari kama kumi ya hasira hiyo, ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe kusoma ramani nilifundishwa kwa kaye, yaani daftari, ya madeni.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 tulikuwa tunakaa mtaa wa Majengo. Mliokuwepo hamhitaji kuhadithiwa: lava ilivyopasua mji hadi ikaingia ziwani, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, sisi tukakimbilia Sake na godoro kichwani, na baada ya siku chache tukarudi kukanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na moto chini. Shule yetu ilikuwa upande wa Birere. Ilikwenda na kila kilichokuwa ndani. Masomo yalipoanza tena tulikaa chini ya turubai, mwaka wa tano wote juu ya mawe, na ubao ulikuwa mbao mbili zilizopakwa unga mweusi wa betri za redio. Kitabu hakikuwepo hata kimoja.

Mwalimu wetu alianza na alichokikuta. Gunia la unga wa msaada limeandikwa kilo 50: gawa kwa familia saba, kila moja inapata kilo ngapi, na ile inayobaki apewe nani? (Swali hilo la mwisho lilichukua asubuhi nzima.) Pakiti ya chumvi za kumnywesha anayeharisha ilikuwa somo la sayansi: pakiti moja, lita moja ya maji safi, na chupa ya bia haifiki lita. Hakuna aliyecheka, maana kipindupindu cha Julai 1994 kila nyumba ilikuwa bado inakikumbuka. Alituonyesha pia jinsi karatasi ile inavyosema: fungua, mimina, koroga, nywesha. Haisimulii, inaamuru, na ukiruka mstari mmoja umeharibu dawa.

Siku moja akasema kila mtu alete karatasi moja yenye maandishi kutoka nyumbani. Wengi hawakuwa na kitu, karatasi zao zilikuwa chini ya lava. Mimi nikabeba kaye ya mama. Sikumwambia.

Lazima niwaeleze hiyo kaye. Mama alisoma miaka miwili tu. Alikuwa anauza maharagwe, mafuta na sabuni mbele ya nyumba, na wateja wake hakuwaandika kwa majina. Aliwaandika alivyowaona: Mwenye Kofia, Mlango wa Bluu, Chaki. Kila kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto tunalopimia, la maharagwe lilikuwa mstari uliosimama. Kikombe cha mafuta kilikuwa duara. Nusu mche wa sabuni, kisanduku. Aliyelipa alikatwa kwa mstari wa kulala. Pembeni, kwa biki iliyokuwa inakwaruza, aliandika jumla.

Mwalimu alifunua kurasa mbili bila kusema. Kisha akauliza, "Nani anaweza kuisoma hii?" Hakuna. Akanisimamisha niseme kila alama ni nini, naye akawa anazichora pembeni kabisa mwa ubao: mstari, Guigoz moja, duara, mafuta, kisanduku, sabuni. Akazizungushia boksi, na juu yake akaandika kwa Kifaransa "légende", yaani ufunguo wa ramani. Akasema aliyeandika ana alama zake, na msomaji asipopewa boksi hili ataona michoro tu. Nilipofika sekondari wakatutundikia ramani ya Kivu, wenzangu walikodolea rangi. Mimi macho yalikwenda pembeni, kwenye boksi. Hata leo mji ukiweka bendera za tahadhari ya volkano, kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu, mimi naisoma kama kaye ya mama.

Kisha akaandika mstari wa kwanza. Mwenye Kofia: mistari saba, maduara matatu.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwenye kofia mtaani alikuwa mmoja, hakuivua hata kanisani, na mtoto wake alikuwa amekaa mbele kabisa. Mtoto akaficha uso magotini. Mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja na kaye yangu. Mwalimu hakupiga kelele, hakufuta. Aliandika mstari wa pili: Chaki, mistari minne, maduara mawili. Akageuka. "Chaki ni mimi. Haya, Guigoz ni franga 80, mafuta 50. Chaki anadaiwa ngapi?"

Kimya. Tulijua wote kwamba mshahara wa mwalimu ulikuwa hauonekani na alikuwa anaishi kwa mchango wa wazazi, lakini kujua na kuona imeandikwa ubaoni ni mambo mawili. Akajibu mtoto wa Mwenye Kofia, uso bado uko magotini: 420.

Tukarudi kwenye mstari wa baba yake. Saba mara 80 ni 560, maduara matatu ni 150, jumla 710. Mama alikuwa ameandika 790. Mwalimu akafanya upya, tukafanya upya, ikabaki 710. Yule mtoto ndiye aliyeona kwanza kwamba kilichozidi ni Guigoz moja kamili.

Jioni baba yake alifika nyumbani, kofia kichwani, ameshika kipande cha karatasi. Mama alisikiliza, akahesabu mistari kwa kidole, akahesabu tena, akakubali. Alipoondoka nilipigwa kwa sandali. Mama alisema hanipigi kwa aibu, ananipigia Guigoz yake. Lakini Mlango wa Bluu hakurudi kukopa kwetu tena. Alihamia kwa mwuzaji wa barabara ya pili, na wanawake wawili wakamfuata. Waliosikia kwamba madeni yao yamesomwa shuleni hawakuuliza kama tumefundishwa hesabu au dini.

Hapa ndipo jibu langu linaanza kunikimbia. Nilitaka kusema kitabu cha shule ni bora, na kina ubora wake kweli: hakina mwenyewe. Katika kitabu hakuna baba wa mtu. Walipotuletea vitabu baadaye tulikuta treni mbili zinazokutana njiani, na hakuna aliyeonewa, kwa kuwa Goma haina reli na treni sikuwahi kuiona. Lakini pia hakuna aliyejali zinakutana wapi. Jumla ya kaye ilikuwa na mtu anayeisubiri.

Na kuna jambo la lugha. Kitabu cha sayansi kinazungumza Kifaransa kuhusu gesi nzito kuliko hewa inayotulia mabondeni. Bibi yangu wa Bulengo alizungumza kuhusu mbuzi wanaokutwa wamekufa asubuhi kwenye shimo, hata jeraha hawana. Jambo ni lilelile, mazuku, na wanasayansi wa Ulaya wanaandika neno letu hivyohivyo, mazuku. Mtoto aliyesoma kitabu tu atafaulu mtihani halafu ashuke kwenye shimo kumfuata mbuzi. Aliyemsikiliza bibi tu hatashuka, lakini atakuambia ni mashetani. Ningependa mwanangu asome vyote viwili siku moja, ukutani, kimoja kando ya kingine.

Kwa hiyo, mhariri, andika kwamba nimesema ndiyo. Lakini kitabu kwanza, kila mtoto na chake, na serikali isituletee magunia ya misaada kama mtaala. Karatasi ya hospitali isitoke nyumbani. Ujumbe wa simu usitoke. Mwenye karatasi aulizwe kabla, si kama mimi nilivyofanya. Na mwalimu anayetaka karatasi za watu aweke yake ubaoni kwanza. Wangu aliiweka ya pili, baada ya mtoto kuumia, na bado namheshimu. Alilipa 200. Zile 220 mama alizikata mwenyewe kwa mstari wa kulala, siku alipoona nimemsomea karatasi ya dawa bila kukosea.

Kazi ya mtoto ni ya Jumatatu. Sasa mimi ndiye mwenye kaye, na ndani yumo mwalimu wake, Guigoz mbili za sukari. Nimekata ukurasa mmoja, si ule wake, nikafunika majina yote kwa biki nyeusi. Nilipouinua kwenye taa yakasomeka upande wa pili, moja baada ya jingine. Nimeongeza wino. Bado yanasomeka.