Maswali na Majibu: Data ya mtandaoni kwenye dirisha lisiloganda

Barua za mwezi huu, kutoka Tanga mjini, Pongwe, Muheza na Pangani, nyingi zinazunguka jambo moja. Mtu ameandika programu ya kompyuta inayopokea data kutoka mtandaoni na kuionyesha papo hapo, kisha dirisha linamtesa. Mifano yangu ni ya Python na tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha, kwa sababu ndivyo wengi mlivyotumia. Neno "uzi" hapa ni kile mafundi tunachokiita thredi: mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu, unaoweza kwenda sambamba na mingine.

Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza programu ya kuonyesha kina cha maji kwenye tangi la shule yetu. Nikibonyeza kitufe cha "Anza", dirisha linakuwa jeupe na Windows inasema halijibu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba. Umeweka `recv`, amri ya kupokea data ya mtandao, ndani ya fanksheni ya kitufe. Kosa ni hilo moja tu, lakini nataka ulielewe vizuri ili usilirudie kwa sura nyingine.

Dirisha lako lina uzi mmoja unaolihudumia. Kazi yake ni kuzunguka na kuuliza: kuna aliyebonyeza? Kipanya kimesogea? Kuna sehemu ya kuchora upya? Mfikirie karani wa tiketi pale stendi ya Kange. Abiria anafika dirishani, anahudumiwa, anafuata mwingine. Sasa karani huyo huyo aambiwe atoke akasimame barabarani kungoja basi la Lushoto liingie. Basi likichelewa nusu saa, dirisha linakaa nusu saa bila mtu, na abiria wanagonga kioo. `recv` ndiyo kungoja basi. Haimalizi mpaka kifaa cha kwenye tangi kitume kitu. Windows nayo ina subira ya sekunde 5. Dirisha lisipochukua ujumbe wowote kwa muda huo, linahesabiwa kuwa halijibu. Wala kompyuta yako haijalemewa. Tazama matumizi ya prosesa wakati dirisha limeganda, utakuta imetulia kabisa.

Dawa ni kumtuma mtu mwingine barabarani. Uzi wa pili ungoje mtandao, ukipata kipimo ukiweke kwenye foleni, na karani aichungulie foleni mara kadhaa kwa sekunde bila kuondoka dirishani:

```
import queue, threading

foleni = queue.Queue(maxsize=1000)

def pokea():
    while True:
        foleni.put(soma_kipimo())   # hapa ndipo panapongoja mtandao

def chungulia():
    try:
        while True:
            lebo["text"] = foleni.get_nowait()
    except queue.Empty:
        pass
    dirisha.after(200, chungulia)

threading.Thread(target=pokea, daemon=True).start()
chungulia()
dirisha.mainloop()
```

Hiyo 200 ni milisekunde. `after` haingoji, inaweka miadi tu, kisha uzi mkuu unaendelea na wateja wake. Angalia pia kwamba nimeandika `chungulia` bila mabano kwenye ule mstari wa `after`. Ukiweka mabano, fanksheni inaitwa palepale, nayo inajiita tena na tena mpaka Python ikatae. Nimeliona kosa hilo kwenye kazi za wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ujumbe wake hauwaelekezi hata kidogo kwenye mabano.

Kaka, mimi uzi ninao tayari. Ila lebo naiandika moja kwa moja kutoka ndani ya uzi huo, na kwangu inafanya kazi. Kwa mteja, siku nyingine inaanguka, siku nyingine haianguki. Kuna ulazima wa foleni? (Fundi, Pongwe)

Upo, na kama nina jambo moja la kuwaomba wasomaji wote, ni hili: dirisha liguswe na uzi mmoja tu, ule ulioliunda. Yule aliyetumwa barabarani akirudi asichukue kalamu akaandika kwenye kitabu cha tiketi wakati karani naye anaandika. Ampe karani habari, karani aandike.

Inafanya kazi kwako kwa sababu tkinter hujaribu kuupelekea uzi mkuu ombi lako kimyakimya. Uzi mkuu ukiwa umeshatoka kwenye mzunguko wake, unapata kosa la "main thread is not in main loop". Ukiwa umeshikwa na jambo jingine, uzi wako nao unakwama ukiungoja. Yote yanategemea nani alifika kwanza, na kompyuta ya mteja ina mwendo wake, antivirusi yake na mtandao wake. Kosa la namna hii halijitokezi ukilitafuta. Linajitokeza mteja akiwa na wageni.

Msidhani ni udhaifu wa Python; zana nyingine za kutengeneza madirisha zina sheria hiyo hiyo. Swing ya Java ina uzi wake maalumu wa matukio, na ukiwa nje yake unatumia `SwingUtilities.invokeLater`. WinForms ina `Invoke` na `BeginInvoke`. Qt ina ishara na vipokezi vyake, ambavyo vikivuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine huwekwa kwenye foleni bila wewe kuandika kitu. GTK ina `GLib.idle_add`. Wote wamefika mahali pamoja, na si kwa bahati. AWT, zana ya madirisha ya Java iliyotangulia Swing, ilikusudiwa mwanzoni iguswe na nyuzi nyingi, ikashindikana. Mwaka 2004 Graham Hamilton wa kampuni ya Sun alieleza sababu: matukio ya kipanya na kibodi hupanda kutoka kwenye mfumo endeshi kuja kwenye programu yako, na amri zako za kuchora hushuka kutoka kwenye programu kwenda kwenye mfumo. Ukiweka kufuli kila ngazi, anayepanda anashika kufuli la chini na kulitaka la juu, anayeshuka anashika la juu na kulitaka la chini. Wanasimama wanatazamana, na programu haisogei tena.

Kwa hiyo rudi kwa mteja wako na foleni. Ni mistari kumi.

Mwalimu, nina kipokezi cha AIS (mfumo wa redio ambao meli hutangazia mahali zilipo) hapa nyumbani Raskazone, natazama meli zinazoingia bandarini. Data inakuja kwa TCP (kanuni ya kusafirisha data mtandaoni) kwenye laptopu. Mistari mingine inafika imekatika katikati, na mingine miwili inafika imeungana. Je, mtandao wangu ni mbovu? (Dada mpenda bahari)

Mtandao wako ni mzima, dada. Nimefurahi kwa swali hili kwa sababu vitabu vingi vya kuanzia vinalipita.

TCP haijui "ujumbe" ni nini. Inachoahidi ni kwamba baiti zitafika zote na kwa mpangilio wake, kama maji kwenye bomba. Mtumaji akimimina ndoo tatu, wewe ukifungua bomba hupati ndoo tatu, unapata maji. `recv(4096)` maana yake ni "nipe zilizopo, zisizidi 4096", basi. Kazi ya kutenganisha ni yako. Bahati nzuri, sentensi za AIS zina alama zake: huanza na `!AIVDM` na huishia na alama ya mstari mpya. Weka bafa, yaani mahali pa kukusanyia:

```
bafa = b""
while True:
    kipande = soketi.recv(4096)
    if not kipande:
        break               # upande wa pili umefunga
    bafa += kipande
    while b"\n" in bafa:
        mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
        foleni.put(mstari.strip().decode("ascii", "replace"))
```

Kipande kilichokatika kinabaki kwenye bafa kikisubiri mwenzake. Usisahau ule mstari wa `if not kipande`. `recv` ikirudisha baiti sifuri, maana yake mwenzako ameshafunga. Bila kuangalia hilo, uzi wako utazunguka bure kwa kasi yote na feni ya laptopu italia usiku kucha. Na kama data ni ya Kiswahili au lugha nyingine kwa UTF-8, kata mstari kwanza ndipo uzigeuze baiti kuwa herufi, kwa sababu herufi moja inaweza kuwa na baiti zaidi ya moja na ikakatwa katikati.

Napokea vipimo 200 kwa sekunde kutoka kwenye mashine. Asubuhi skrini iko sawa, ikifika saa sita mchana inaonyesha mambo ya saa nne. (Fundi umeme, Muheza)

Foleni yako inajaa haraka kuliko inavyomwagwa. Umeandika `chungulia` ikitoa kipimo kimoja kila ikiitwa, nayo inaitwa mara 10 kwa sekunde. Vinaingia 200, vinatoka 10. Jumlisha kwa saa chache na utauona mlima.

Toa vyote vilivyomo kila unapochungulia, lakini chora cha mwisho tu. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na jicho la mtu anayesoma namba halihitaji hata hizo. Mara 4 au 5 zinatosha. Zaidi ya hapo tarakimu zinatetemeka tu na hakuna anayezisoma. Kama vipimo vyote vina thamani, vihifadhi kwenye faili kutoka uzi wa mtandao, kabla havijafika kwenye foleni. Kuhifadhi na kuonyesha ni kazi mbili. Kwa grafu tumia `deque(maxlen=600)`, ya zamani itadondoka yenyewe.

Na weka kikomo cha foleni daima. Foleni isiyo na kikomo inakuficha tatizo mpaka RAM iishe.

Nimeambiwa nyuzi za Python si za kweli kwa sababu ya GIL. Nihame lugha? (Mwanachuo, Tanga mjini)

Usihame kwa sababu hiyo. GIL ni kufuli linalozuia nyuzi mbili kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, lakini uzi ukiwa unangoja soketi (mlango wa programu kwenye mtandao) hulifungua. Kazi yetu hapa karibu yote ni kungoja. Ungekuwa unachakata picha nzito, hapo tungezungumza mengine. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, limeleta pia namna ya majaribio isiyo na GIL.

Nikifunga dirisha, programu inabaki imefunguka kichinichini. (Msomaji, Pangani)

Uzi wako bado unangoja mtandao. `daemon=True` itauacha ufe pamoja na programu. Kama unaandika kwenye faili, hiyo haitoshi, kwa sababu utakatwa katikati ya mstari. Tumia `threading.Event` kama kengele ya kufunga, weka `soketi.settimeout(1)`, na kila sekunde uzi uamke uangalie kama kengele imelia.

Skrini yetu ilionyesha pampu inafanya kazi kwa saa nzima, kumbe umeme wa upande wa pili ulikatika zamani. Hakuna kosa lolote lililotokea kwenye programu. Inawezekanaje? (Msimamizi wa maji, kijijini)

Pole sana. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko dirisha kuganda, maana dirisha lililoganda angalau kila mtu analiona.

Mtu akifunga programu kwa kawaida, TCP hukuaga. Umeme ukikatika ghafla, hakuna wa kuaga. Soketi yako inaendelea kuamini kuwa mwenzake yupo, na `recv` inangoja bila mwisho. Ipo njia ya TCP ya kuuliza "bado upo?", lakini huwa imezimwa mpaka uiwashe, na kwenye Linux, hata ukiiwasha, kwa kawaida husubiri sekunde 7200 ndipo iulize. Hizo ni saa mbili. Lebo yako ikabaki na maandishi ya mwisho, nayo yakasomeka kama ya sasa.

Usionyeshe kipimo bila umri wake. Uzi wa mtandao ukipokea kitu, ukiweke kwenye foleni pamoja na `time.monotonic()`, saa isiyoyumba hata mtu akibadilisha saa ya kompyuta. `chungulia` ihesabu tofauti kila inapoitwa, hata kama foleni ni tupu, na iandike chini ya namba: "sekunde 3 zilizopita". Umri ukizidi kiasi, geuza namba iwe ya kijivu na andika wazi: HAKUNA HABARI. Ukitaka kwenda mbali zaidi, ifute kabisa. Mimi huifuta panapohusika maji ya watu.

Kiasi hicho kinategemea chanzo. Dada wa Raskazone nawe usikilize: meli kubwa inayotembea hutangaza mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, lakini ikitia nanga hutangaza kila dakika 3. Ukiweka sekunde 30 kwa zote, meli iliyotulia ikisubiri gati itakuwa inapotea na kurudi. Tena andika kwenye dirisha lako kwamba linaonyesha vyombo vyenye kifaa cha AIS tu. Ngalawa na mashua nyingi za wavuvi hazina, na mtoto anayetazama skrini yako asije akadhani bahari ni tupu.

Nitajaribuje yote haya bila meli wala pampu? (Yule yule mwanafunzi, Chumbageni)

Andika mtumaji wa uongo, programu ndogo inayosikiliza kwenye `127.0.0.1` (anwani ya kompyuta yako yenyewe) na kutuma mistari. Kisha ifanye ikutese kwa makusudi. Itume nusu ya mstari, ilale sekunde 2, itume nusu nyingine. Itume mistari 5000 kwa mpigo. Inyamaze kimya dakika nzima bila kufunga soketi. Hapo umeshaiga umeme uliokatika. Wakati wote huo, wewe shika kona ya dirisha kwa kipanya ulivute, ulikunje, ulifungue. Likikwama hata kidogo, kuna mahali umemtuma karani barabarani. Ukimaliza, washa mtumaji kwenye kompyuta ya mwenzako, unganisheni kwa waya, halafu uchomoe ule waya kwa mkono wako na utazame saa: namba zigeuke kijivu ndani ya muda uliouweka.