Muulize Mama Kafe: Milioni 2 na nusu za staa

*Shikamoo Mama Kafe. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Iyunga hapa Mbeya. Mimi na wenzangu wawili niliomaliza nao chuo tumetengeneza mfumo wa kuwakutanisha wakulima wa viazi na wanunuzi wa Dar es Salaam. Mkulima anatuma meseji ya kawaida, hata kwa kitochi: yuko wapi, ana gunia ngapi, anataka bei gani. Mnunuzi anaiona orodha kwenye simu yake. Mpaka sasa tuna wakulima 63 na wanunuzi 4. Tumejibana tumepata milioni 3. Mmoja wetu ameongea na meneja wa msanii mkubwa, anataka milioni 2 na nusu kwa posti moja na stori ya saa 24. Mwingine anasema hela hiyo tupande basi twende Dar kwenye mkutano wa watu wa teknolojia tukatafute koneksheni. Siku hizi hao wawili hata salamu hawapeani. Tufanyeje? – Kijana wa Iyunga*

Marahaba mwanangu, na ugonile. Kwanza wapatanishe hao wawili. Kampuni ya watu watatu ambayo wawili wamenuniana haina msanii wa kuiokoa.

Huyo wa staa ana hoja, na hadithi anayoitegemea nadhani naijua. Aprili 2009 mwigizaji wa Marekani, Ashton Kutcher, alishindana na CNN nani atatangulia kufikisha wafuasi milioni 1 kule Twitter. Aliahidi akishinda atatoa vyandarua 10,000 vya malaria. Tarehe 17 akashinda, na siku hiyo hiyo Oprah Winfrey akaandika ujumbe wake wa kwanza humo, kwenye kipindi chake cha televisheni, wote kwa herufi kubwa kama mjomba anavyoandika kwenye grupu la ukoo. Watu ambao Twitter walikuwa hawaijui wakaanza kuulizana wanajiungaje. Tena ile akaunti ya CNN iliyokuwa mashindanoni wala haikuanzishwa na CNN. Aliianzisha Mwingereza mmoja kwa mapenzi yake tu, kituo kikaja kuichukua mwezi ule ule.

Sasa hesabu miaka. Twitter ilifunguliwa kwa watu Julai 2006. Kilichoitoa gizani ni mkutano wa South by Southwest kule Austin, Texas, Machi 2007. Wenyewe hawakuhangaika na banda. Walitundika skrini kubwa kwenye kolido, pale watu wanapopishana wakitoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, na jumbe za waliomo mkutanoni zikawa zinapita juu. Mtu anatuma meseji, anainua macho, anaona jina lake. Anamvuta mwenzake shati: hebu ona. Jumbe zilizokuwa kama 20,000 kwa siku zikafika 60,000. Staa hakuwepo hata mmoja. Walikuwa mafundi wa kompyuta, wengi wanajuana, na kila mmoja aliporudi kwao alikuwa na watu wa kuwasimulia. Kutcher alikuja miaka 2 baadaye, akakuta ngoma imeshapashwa moto na wachezaji wamo uwanjani.

Kuna jambo jingine la kuwafurahisha ninyi watu wa vitochi. Ukomo wa Twitter ulikuwa herufi 140 kwa sababu meseji ya simu inabeba 160, na 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mtumaji. Mfumo wenu una ukoo mzuri kuliko mnavyodhani.

Nami yamenikuta. Kafe yangu pale Kabwe nilikuwa na kompyuta 6 na dishi juu ya bati, dakika 30 kwa shilingi 500, na mvua ikinyesha intaneti inalala. Hi5, ule mtandao wa kijamii wa enzi zile, niliiona kwa binti wa jirani aliyerudi likizo kutoka chuo Dar. Aliwafungulia akaunti rafiki zake wanne mchana mmoja; wiki iliyofuata foleni ilifika kwa fundi viatu. Kuna siku nilikuta wasichana watatu wamebanana kwenye kiti kimoja, wanachagua picha ya mmoja wao, dakika zinakwisha na bado hawajakubaliana. Hakuna tangazo nililolipia.

Miaka ikaenda, mkongo wa intaneti wa Seacom ukafika pwani Julai 2009, simu zikaanza kuniibia wateja. Nikaona niite msanii. Jina nalihifadhi, ameshakuwa mtu mzima na ana familia. Nikampa laki 4, chumba, na chakula cha watu wanne ambao sikuwaalika. Alitakiwa afike saa 8 mchana, akafika saa 11 na nusu. Umati ulijaa mpaka barabarani, watoto wamepanda juu ya meza. Akapiga picha, akaimba nusu wimbo, akaondoka na umati ukamfuata. Jioni nikahesabu mausi: zilikuwa 6, nikakuta 4. Kesho yake walikuja wateja wangu wale wale, wakalalamika kibodi moja haina herufi ya A.

Kwa hiyo swali langu kwenu siyo kama msanii wenu ana wafuasi. Anao. Wangapi kati yao wana gunia la viazi? Wangapi wanasimama soko la Mabibo kule Dar alfajiri wakisubiri lori? Angekuwa hata Rayvanny wetu, mtoto wa Mbeya aliyebeba tuzo ya BET mwaka 2017, wanaomfuata wanafuata muziki. Halafu tuseme posti imekubali, wakulima 500 wamejiunga usiku mmoja. Wanunuzi ni 4. Viazi havisubiri mtu, mwanangu. Mkulima atatuma meseji Jumatatu, Alhamisi bado hajapigiwa simu, Ijumaa anamwita dalali wake wa zamani kwa hasira, na Jumapili baada ya ibada Uporoto nzima, huko milimani kwenye viazi, inajua kwamba vijana wa Iyunga ni matapeli. Jina hilo hamtalifuta kwa stori ya saa 24.

Huko Uporoto staa yupo tayari na hamjamwona. Ni yule mama mwenye mizani. Kila kijiji cha viazi sasa kina mmoja au wawili waliochoka na lumbesa, gunia limevikwa kilemba mpaka linashindwa kusimama na bado linalipwa kama gunia moja. Nimewahi kukaa kwa mmoja wao barabara ya Tukuyu, nikinywa chai huku nasubiri gari. Dalali alikuja na uzi wake na nyavu zake, yule mama hakugombana. Aliinyanyua shuka iliyofunika mizani, akaketi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya dalali wakaanza kuhama na mizigo yao mmoja mmoja, bila neno. Huyo akiwaambia watu "tuma meseji kwa hawa vijana", watatuma. Wa namna yake wako wengine: katibu wa chama cha ushirika (AMCOS), bwana shamba anayezunguka na pikipiki, mtangazaji wa kipindi cha kilimo cha alfajiri. Wote pamoja hawafikii milioni 2 na nusu, na baadhi ukiwapa hela watakasirika.

Mkitaka Austin yenu, ipo. Nanenane ya Nyanda za Juu Kusini inafanyika Viwanja vya John Mwakangale, tarehe 1 mpaka 8 Agosti. Msikodi banda la kukaa na vipeperushi kama vijana wa benki. Kodini skrini na spika ndogo, mwombe ruhusa mtu ambaye banda lake liko njiani, pale wanapopita kwenda kuona ng'ombe, maana kila mtu anakwenda kuona ng'ombe. Wekeni namba ya kutuma meseji kwa maandishi makubwa. Mkulima akituma, sekunde chache baadaye jina lake lipite juu: fulani wa Isyonje, gunia 14, kwa mizani. Atasimama. Atamwita mkewe aje aone. Pembeni awepo mnunuzi mmoja wa kweli, mwenye lori la kweli, anayepiga simu mbele za watu. Bila huyo mnunuzi msiwashe hata hiyo skrini.

Na Dar muende, ila aende mmoja. Siku mbili za kwanza akalale jirani na Mabibo, aamke saa 9 usiku, ashike namba za wanunuzi 10 wanaolipa siku hiyo hiyo. Siku ya tatu ndiyo aoge, avae, aende kwenye mkutano wa teknolojia. Ataingia akiwa na cha kusema. Koneksheni (siyo zile za video, mnielewe) haitafutwi na mtu mwenye kadi mfukoni na njaa tumboni. Watu wa teknolojia ni kama mafundi wengine, wanampenda mwenye tatizo la kuvutia kuliko anayewasifu.

Meneja wa msanii nanyi msimkatie simu. Huyo Kutcher hakuishia kuhesabu wafuasi: mwaka 2010 alianzisha na wenzake mfuko wa uwekezaji, wakaweka hela kwenye kampuni changa kama Uber na Airbnb zilipokuwa bado ndogo. Alikuwa anakaa na watengenezaji, anawauliza maswali. Basi mwambieni meneja hivi: hatuna milioni 2 na nusu, ila bosi wako achukue asilimia ya kamisheni yetu kwa mwaka mmoja. Akicheka, mmejua anavyouona mfumo wenu. Asipocheka, niandikieni tena haraka.

*Shikamoo Mama. Nimesomea uhasibu, niko Kihesa, Iringa. Kila mtu ananiambia nijiunge LinkedIn na nihudhurie makongamano ili nipate koneksheni. Nimehudhuria matatu, nina namba 41 za watu, nimewaandikia wote "Hi, nice to meet you" na amenijibu mmoja, tena alitaka mambo mengine. – Binti wa Kihesa*

Kamwene mwanangu. Huyo mmoja mbloku.

LinkedIn ilifunguliwa Mei 2003, na katika mwezi wake wa kwanza ilipata wanachama 4,500 tu. Waanzilishi waliwaalika watu waliokuwa wanawajua tayari. Mmoja wao, Reid Hoffman, alitoka PayPal, kampuni ya kulipana kwa mtandao, na hao wa PayPal ndio wa kuwaangalia: ilipouzwa mwaka 2002 walitawanyika, na tangu hapo wakawa wanabebana. Vijana watatu waliofanya kazi huko wakaanzisha YouTube mwaka 2005. Peter Thiel, aliyekuwa bosi wao, ndiye aliyempa Zuckerberg dola 500,000 mwaka 2004, Facebook ikiwa bado ya wanafunzi. Hawakukutana kongamanoni wakiwa na vitambulisho shingoni. Walikuwa wamekesha pamoja wakizuia wezi wa kadi za benki wasiimalize kampuni.

Wewe umekesha na nani? Uliwahi kufunga hesabu za SACCOS kwenye mazoezi ya vitendo? Yule mkaguzi aliyekuonyesha kosa lako bila kukufokea, una namba yake? Anza na huyo. Mwambie kwa Kiswahili, kwa sauti, dakika moja: mimi ni yule niliyekosea safu ya riba, sasa natafuta kazi. Atakumbuka. Kati ya hizo 41, chagua wale ambao unakumbuka walisema nini, nadhani hawazidi watano, uwaulize kitu kuhusu hicho walichosema. LinkedIn jiunge, haina ubaya, ila picha isiwe ya sendofu.

*Habari za kazi dada. Nauza vitenge Makambako. Kijana mmoja ananiuzia wafuasi 10,000 wa Instagram kwa shilingi 60,000. Anasema mteja akiona wafuasi wengi anaamini. – Baba Vitenge*

Njema kaka. Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti bandia, na Justin Bieber peke yake akapungukiwa wafuasi zaidi ya milioni 3 kwa mkupuo. Yeye alibaki na mamilioni mengine. Wewe ukifagiwa utabaki na shemeji zako.

Hao 10,000 hawana miili, kaka, hawavai kitenge. Kwa 60,000 hiyo nunua bando, simama na kitenge mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, kikunjue, kipime kwa mkono watu waone upana, kikunje tena. Abiria wa mabasi ya Songea na Njombe wanaoshuka hapo kula wabandikie jina la ukurasa wako kwenye mfuko. Na bei iandike pale pale chini ya picha. Hii ya "bei njoo inbox" inanikera hata mimi ambaye nina muda.