Simba si wa ukoo: maswali yenu juu ya vyombo vya fedha vya Waingereza

*Jambo Baba Fundi. Marehemu babu yetu alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja wa reli, enzi mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa Élisabethville. Huyo bwana alipoondoka alimwachia sanduku: uma sita, upawa wa supu na birika la chai. Mnunuzi ameniambia uma zina simba na taji, kwa hiyo zilitoka nyumba ya mfalme, lakini yeye analipa kwa kilo. Juu ya mpini kumechorwa ndege mwenye tawi mdomoni. Birika limeandikwa EPNS. Kaka yangu anataka tuyeyushe vyote tugawane. Shangazi ameshaanza kuvisugua kwa majivu. Tufanye nini? – Msomaji wa Kampemba*

Mwanangu, kwanza mwombe shangazi, kwa heshima zote, aweke majivu chini leo hii. Majivu na mchanga hula fedha, na kinachoanza kufutika ndicho kinachokupa thamani: ile michoro na mihuri. Nimeletewa hapa Kamalondo vijiko vilivyosuguliwa hadi vikawa laini kabisa, na mwenyewe akitaka nimwambie vimetoka wapi. Hakuna tena wa kumwambia.

Sasa chukua uma mmoja, nenda nao dirishani, uugeuze nyuma utazame mpini. Utaona mihuri imepangwa mstari, midogo kama punje za mchele. Simba anayetembea, mguu wa mbele ameuinua, hasemi habari ya ukoo wowote. Ni shahidi kwamba metali imepimwa, na sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha. Zinazobaki kwa kawaida ni mukuba (shaba), maana fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya mezani. Simba huyo yuko kazini tangu 1544. Taji nalo ni alama ya mji wa Sheffield, uliopewa ofisi ya kupimia fedha mwaka 1773 pamoja na Birmingham. Birmingham ilichukua nanga, London ina kichwa cha chui, na Sheffield ilishika taji hadi 1974. Kwa hiyo taji lako linakutajia mji, si ikulu. Na huyo mnunuzi maneno yake mawili hayapatani: anayeamini ameshika kitu cha mfalme hakipimi kwa kilo. Usimuuzie.

Endelea kusoma. Herufi moja iliyo peke yake ni ya mwaka. Kila mji ulikuwa na mzunguko wake wa herufi, basi isome pamoja na alama ya mji na umbo la ngao iliyoizunguka. Herufi mbili au tatu pamoja ni za fundi au karakana yake. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia, kimechorwa kwa upande, hiyo kwa kawaida ni risiti ya kodi, na uma wako umepigwa muhuri kati ya 1784 na 1890. Hapo hata bila kitabu umeshapata karne.

Ukoo unakaa kwenye mpini. Ndege wako mwenye tawi ni nembo ya familia, lakini familia nyingi za kawaida zenye mali nazo zilikuwa na nembo. Tazama juu yake: kuna kitaji kidogo? Kila cheo cha watu wakubwa wa Uingereza kina kitaji chake. Cha duke kina majani, cha earl kina vijitufe vilivyosimama juu ya ncha ndefu, vitano vikionekana kwa mbele. Cha baron vinaonekana vinne, bila ncha. Pasipo kitaji, usimruhusu mtu akuuzie wala akununulie hadithi ya ukabaila. Puliza pia pumzi ya moto juu ya mpini: nembo iliyofutwa mara nyingi hujitokeza kidogo kwenye ukungu. Vyombo vya fedha vya nyumba kubwa vilitembea sana, hasa baada ya kodi ya urithi ya 1894 kuzibana familia hizo. Na reli kutoka kusini ilipofika hapa 1910, ilileta Waingereza na masanduku yao.

Kaka yako nampa jibu fupi. Ukiyeyusha unabaki na bei ya metali peke yake. Uma sita za fundi mmoja na mwaka mmoja zina bei kubwa zikikaa pamoja, basi msizigawane moja moja pia. Pigeni picha za mihuri kwa karibu, muulize wanunuzi zaidi ya mmoja.

Birika ni jambo jingine. EPNS ni mchanganyiko wa mukuba, zinki na nikeli, uliopakwa fedha kwa umeme, kazi ambayo nyumba ya Elkington ya Birmingham iliipatia hati ya ubunifu mwaka 1840. Kuyeyusha hakutawapa kitu. Linywesheeni chai, ni birika zuri.

Kusafisha: sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kitambaa cha pamba, kukausha papo hapo. Weusi ule unaletwa na salfa, iliyomo hata kwenye mayai, na chumvi nayo hutoboa fedha ikiachwa. Usifunge kwa mpira wala gazeti. Weusi uliolala ndani ya mistari ya ndege uache, ndio unaomfanya aonekane.

*Baba Fundi, kijiko changu kina namba 800, mwezi mwandamo na taji. Je, nacho ni cha Kiingereza? – Msomaji wa Katuba*

Hapana, ndugu. Mwezi na taji pamoja na namba ni alama ya Ujerumani tangu 1888. Ni fedha ya kweli, sehemu 800 kati ya 1000, kwa hiyo mnunuzi akikulipa bei ya 925 mwonyeshe namba kabla hujapokea pesa.