Maswali yenu kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili: dozi, mirungi na chai ya mama

Nina miezi sita sijasikia sauti. Kwa nini nisiache vidonge?

Huenda sauti hizo zisizo na msemaji zimenyamaza kwa sababu unavimeza. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ziendelee angalau miezi 12 tangu dalili zitulie. Aliyewahi kurudiwa huhitaji muda mrefu zaidi. Ubaya ni kwamba ukiacha, mwanzoni unajisikia mwepesi, na hapo wengi huamini wamepona. Ugonjwa hurudi baada ya wiki au miezi, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka vile vidonge. Kama unasinzia mchana, omba dozi ihamishiwe usiku. Kama unasahau, ulizia sindano ya flufenazini, ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Kaka alianza haloperidoli, dawa ya ugonjwa huu, juzi. Leo shingo imepinda, macho yamegeukia juu. Karogwa?

Hajarogwa. Dawa imekaza misuli, jambo linalowapata zaidi vijana wa kiume siku za mwanzo. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, na pakiti ya dawa mkononi. Kuna sindano inayolegeza misuli hiyo, mara nyingi ndani ya nusu saa. Akiwa na homa kali, mwili mgumu kama ubao na amechanganyikiwa, hiyo ni dharura: hospitali moja kwa moja, na asipewe dozi nyingine kabla ya kuonwa.

Kuna pia yule ambaye dawa humfanya asiweze kukaa, anayekanyagakanyaga palepale. Ndugu hudhani ugonjwa umepanda, wanaomba dozi iongezwe, naye anazidi kuhangaika. Mwambieni daktari hali hiyo ilianza siku ngapi baada ya dawa.

Mirungi kidogo wikiendi?

Hapana, wala bangi. Mirungi huchochea dopamini, kemikali ya ubongo, ileile ambayo dawa inaizuia, kisha inakunyima usingizi. Kuhusu sigara: moshi hufanya ini liondoe olanzapini na klozapini, dawa nyingine za ugonjwa huu, haraka. Ukitaka kuacha, jambo zuri, mwambie daktari kwanza, maana moshi ukikoma, dozi ya jana inaweza kukuzidi.

Mama hanywi chai yangu, anasema nimetia sumu. Nimbishie?

Usimbishie, usimkubalie. "Mama, naona una hofu. Mimi sijaweka kitu, ila niko nawe." Mwache ajimiminie mwenyewe kutoka birika unalonywea wewe. Usiku wa pili mfululizo asipolala, usingoje tarehe ya kliniki.