Maswali Yenu: Kupunguza Picha Ndani ya Kivinjari

Swali: Fomu ya maombi inataka nakala ya kitambulisho isiyozidi KB 200, na picha niliyopiga kwa simu ina MB 4. Kuna tovuti inayodai hupunguza picha ndani ya kivinjari bila kuipeleka popote. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Usiiamini kwa maneno, ipime. Kivinjari cha kisasa kinaweza kuisoma picha, kuichora upya kwa vipimo vidogo na kukupa faili jipya bila msaada wa seva. Fungua tovuti hiyo katika dirisha la faragha (Incognito au Private), kisha punguza kwanza picha isiyo na siri, tuseme ya ukuta. Hatua hii usiiruke: baadhi ya tovuti za kweli hushusha sehemu ya programu pale tu unapochagua picha, hivyo zingekwama bure. Sasa zima Wi-Fi na data, ndipo uchague kitambulisho, ukipunguze na kukihifadhi. Kazi ikikamilika, imefanywa na kifaa chako. Ikigoma, achana na tovuti hiyo.

Bado kuna mwanya mmoja. Ukurasa unaweza kuweka nakala na kuituma mtandao ukirudi. Kwa hiyo funga madirisha yote ya faragha kabla ya kuwasha intaneti. Kuyafunga hufuta kilichohifadhiwa humo. Squoosh, tovuti ya kupunguza picha iliyotengenezwa na timu ya Chrome ya Google, huchakata picha kwenye kifaa chako na msimbo wake uko wazi, lakini hata hiyo ipime vivyo hivyo. Kitambulisho kikishavuja hakirudi.

Swali: Nimeshusha ubora hadi 40, herufi zimevurugika na faili bado ni kubwa. Nakosea wapi?

Jibu: Umeanza na ubora badala ya vipimo. Picha ya pikseli (vinukta vinavyoiunda) 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ifanye 1200 kwa 900 na zitabaki 1,080,000, yaani chini ya sehemu ya kumi. Anza hapo, ubora wa JPEG (aina ya kawaida ya faili la picha) ukiwa 80 kati ya 100, kisha shuka kidogo kidogo: 75, 70. Chini ya 60 vijiraba huanza kuonekana kuzunguka herufi na nywele.

Kwa hati, kata kwanza meza na kingo zisizohitajika. Pikseli zote ziwe za maandishi. Kila jaribio lianze na picha ya awali, maana JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya. Kubadilisha DPI (nukta kwa inchi) peke yake hakupunguzi faili, kwani hiyo ni namba ya kuelekeza uchapishaji tu. Na kama unahifadhi kwa PNG, aina ya faili isiyopoteza kitu, picha ya kamera itabaki nzito. Tumia JPEG au WebP.

Swali: Je, kupunguza picha huondoa taarifa za mahali ilipopigwa?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Kivinjari kinapochora picha upya hubeba pikseli peke yake, na taarifa za GPS, saa na aina ya simu huachwa. Ila zipo zana zinazozinakili kwa makusudi, kwa hiyo fungua maelezo ya faili jipya uhakikishe. Angalia na jina lake pia: simu nyingi huandika humo tarehe na saa ya kupiga, na kupunguza hakulibadilishi lazima.

Swali: Nembo yangu isiyo na mandharinyuma imetoka na weusi nyuma yake. Kwa nini?

Jibu: JPEG haina uwazi, na sehemu zisizo na rangi mara nyingi huangukia nyeusi. Hifadhi kwa PNG au WebP. Fomu ikilazimisha JPEG, jaza mandharinyuma nyeupe kabla ya kubadilisha.