Mahindi yanadumaa kando ya milingoti: ni sumu ya majani au ni mizizi?

SWALI: Shamba langu liko nje kidogo ya Mafinga, limepakana na milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani. Mistari minne ya mpakani, mahindi na maharage, huota kwa kusuasua kisha hudumaa msimu mzima. Wazee wanasema majani ya miti ile ni sumu. Ni kweli? Na je, naweza kuyatandaza bustanini?

JIBU: Wazee wana hoja, ndugu yangu. Majani ya mlingoti yana fenoli, kemikali zinazoweza kuzuia mimea mingine kukua, pamoja na mafuta yenye sineoli, ile harufu kali unayoipata ukiyafikicha. Kiangazi chote yanaanguka na kurundikana. Mvua za kwanza, Novemba kuelekea Desemba, zinayaloweka na kuteremsha fenoli udongoni, na hapo ndipo nawe unapopanda. Kizizi kikitoka kinakutana nayo: hakirefuki, vinyweleo vinakuwa haba, mche unakosa maji hata udongo ukiwa umelowa. Ulezi na mchicha, kwa udogo wa mbegu zao, kwa kawaida huumia kuliko harage lenye akiba yake ya chakula. Baadaye vijidudu vya udongo huzivunjavunja kemikali hizo.

Ndiyo maana kudumaa msimu mzima kunanifanya nishuku zaidi mizizi na kivuli. Mlingoti unakunywa maji mengi, na mizizi yake ya juujuu haijui mpaka.

Ng'oa miche michache taratibu, uoshe mizizi, uitazame. Mizizi mifupi, ya kahawia, isiyo na vinyweleo, tena mbegu zimeota kwa mapengo, inaelekeza kwenye kemikali, ingawa hata ugonjwa wa kuoza mizizi unafanana hivyo. Mizizi ni mizima lakini majani yananyauka mchana? Huo ni upungufu wa maji. Majani ya chini yakitangulia kuwa ya njano, ni njaa ya naitrojeni, kwa sababu majani makavu ya mlingoti yanapooza, vijidudu huichukua kwanza.

Kisha gawa mpaka vipande vinne. Cha kwanza fagia majani yote kabla ya mvua. Cha pili chimba mtaro wenye kina cha futi mbili hadi tatu upande wako, ukate mizizi. Cha tatu fanya yote mawili, cha nne usikiguse. Panda mbegu ileile, siku ileile, mbolea sawa. Jaribio hili naliamini kuliko lile la kumwagilia mbegu kwenye kopo kwa maji yaliyolowekwa majani, maana maji yale huwa makali kupita yanayofika shambani.

Kuhusu bustani: usiyatandaze mabichi wala makavu juu ya kitalu. Yarundike pamoja na samadi mpaka yaoze kabisa na harufu iishe, hapo yanafaa. Kwenye miparachichi iliyokwisha kukomaa unaweza kuyatandaza, ukiacha nafasi kuzunguka shina.

Mtaro ukisaidia, utalazimika kuuzibua kila msimu, kwa kuwa mizizi hurudi. Mweleze jirani kabla hujashika jembe, maana mizizi utakayokata ni ya miti yake.